Nani Ahesabiwe Msomi

Kiwango cha elimu ya juu katika nchi hupatikana kwa kuchukua idadi ya watu wazima waliohitimu masomo yaliyo juu ya sekondari na kuigawa kwa idadi ya watu wazima wote. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kazi iko kabla ya kugawanya: lazima iamuliwe masomo yapi ni ya juu, utu uzima unaanzia miaka mingapi na nani ataulizwa. Maamuzi hayo hufanyika ofisini, mara nyingi bila mwananchi kuyasikia, na yakibadilika asilimia hupanda au kushuka hata kama hakuna mtu aliyeongeza darasa.

Austria ni mfano mzuri. Mwaka 2013 takwimu za Umoja wa Ulaya zilionyesha kwamba asilimia 27 hivi ya Waaustria wenye umri wa miaka 30 hadi 34 walikuwa na elimu ya juu. Mwaka uliofuata wakawa asilimia 40. Hakuna nchi inayoweza kutoa wahitimu kwa kasi hiyo, na Austria haikuwatoa. Nchi hiyo ina sekondari za ufundi na biashara zinazochukua miaka mitano, ambazo vijana huanza wakiwa na miaka 14 na kumaliza wakiwa na 19. Uainishaji mpya wa kimataifa ulipoanza kutumika, miaka ya mwisho ya shule hizo iliwekwa kwenye ngazi ya kwanza ya elimu ya juu. Watu waliokuwa wamemaliza shule zaidi ya miaka kumi nyuma, wengine wakiwa na mafuta ya mashine mikononi, wakaamka wakiwa wasomi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umejiwekea lengo la asilimia 40 kwa rika hilohilo ifikapo mwaka 2020.

Uainishaji huo ni wa UNESCO na hujulikana kwa kifupi cha ISCED. Toleo la kwanza ni la miaka ya 1970, likafanyiwa marekebisho mwaka 1997, na toleo la sasa lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa shirika hilo mwaka 2011. Lina ngazi tisa. Ngazi ya 0 ni elimu ya awali, ya 1 ni msingi, ya 2 na ya 3 ni sekondari ya chini na ya juu. Ngazi ya 4 ni mafunzo yanayofuata sekondari lakini hayajafikia elimu ya juu. Elimu ya juu inaanzia ngazi ya 5, yaani kozi fupi zinazolenga kazi zaidi, kisha shahada ya kwanza ni ngazi ya 6, uzamili ya 7 na uzamivu ya 8. Katika toleo la 1997 shahada ya kwanza na ya uzamili zilikuwa kapu moja, ngazi ya 5, na uzamivu peke yake ukawa ngazi ya 6. Kwa hiyo jedwali la mwaka 2005 lenye namba 6 na jedwali la mwaka 2020 lenye namba 6 yanazungumzia watu tofauti kabisa, na wapo waandishi wa ripoti waliokwisha kuteleza hapo.

Mgogoro mkubwa uko kwenye mpaka kati ya ngazi ya 4 na ya 5. Canada husifiwa kila mwaka kuwa miongoni mwa nchi zenye wasomi wengi kuliko zote duniani. Sensa yake ya mwaka 2021 ilikuta asilimia 57.5 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana cheti cha chuo cha kati au cha chuo kikuu, kiwango kilichozidi cha nchi nyingine zote za kundi la G7. Lakini wenye shahada ya kwanza au zaidi walikuwa asilimia 32.9. Karibu robo ya watu wazima wa Canada, basi, wanaingia kwenye sifa hiyo kwa vyeti vya vyuo vya kati: mafundi maabara, wahasibu wasaidizi, wapishi wa hoteli, watunza watoto. Si jambo la kuwadharau, maana vyuo hivyo ni imara na ajira zake ni za uhakika. Ila anayeilinganisha Canada na nchi inayohesabu shahada tu analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Ujerumani iko upande wa pili. Huko kijana anaweza kusomea udereva wa treni, ufundi umeme au ukarani wa benki kwa miaka mitatu, nusu kazini na nusu shuleni, akatoka na cheti kinachoheshimiwa nchi nzima, na bado asihesabiwe kuwa na elimu ya juu. Wauguzi wengi wa Ujerumani wamefundishwa katika shule za hospitali ambazo nazo ziko chini ya mstari. Uingereza, kwa upande wake, tangu mwaka 2013 anayeanza kusomea uuguzi lazima asome shahada. Wauguzi wawili wanaobadilisha bandeji ileile, mmoja Hamburg na mwingine Leeds, wanaongeza asilimia ya nchi moja na kuiacha ya nyingine palepale. Kwa miaka mingi Ujerumani imekuwa ikilaumiwa na wachumi wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, kwa uchache wa wahitimu wake, na sehemu ya lawama hiyo ilitokana na namna ya kuhesabu.

Tanzania nayo ina mpaka wake unaoyumba. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vyuo vya kati viko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ambalo lina ngazi zake za tuzo kuanzia astashahada ya awali, ngazi ya 4, hadi stashahada, ngazi ya 6, kisha shahada, ngazi ya 8. Namba hizo hazilingani na za ISCED, jambo linalomchanganya hata mtaalamu: ngazi ya 6 ya NACTVET ni stashahada, ngazi ya 6 ya UNESCO ni shahada. Katika mazungumzo ya kawaida na katika sera nyingi, elimu ya juu nchini humaanisha chuo kikuu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005 ililenga shahada na stashahada ya juu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ikafunguliwa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada ya kawaida. Mikopo haiamui takwimu, lakini inaonyesha jinsi mstari wenyewe unavyosogea.

Walio wagumu zaidi kuwapanga ni watu wa zamani. Kuna stashahada ya juu iliyokuwa ikitolewa na vyuo kama kile cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam na cha Mzumbe kabla havijaanza kutoa shahada. Mwanafunzi aliingia baada ya kidato cha sita, akasoma miaka mitatu, akatoka mhasibu au ofisa tawala. Waajiri wengi walimchukulia kama mwenye shahada. Leo, akiulizwa na karani wa sensa, atajibu nini, na karani atabofya wapi? Kuna pia mwalimu wa daraja la IIIA, aliyemaliza kidato cha nne na kusomea ualimu miaka miwili. Mafunzo yake yalifuata sekondari, lakini sekondari yenyewe haikufika kidato cha sita. Walimu wa aina hiyo ni wengi mno. Wakiwekwa upande mmoja wa mstari, Tanzania ina nguvukazi ya elimu ya juu ya kutosha kuonekana. Wakiwekwa upande wa pili, asilimia inabaki ndogo. Msimamo unaofaa, pengine, ni kuchapisha ngazi hizo zikiwa zimetenganishwa ili msomaji ajumlishe mwenyewe, badala ya kumpa jumla moja iliyokwisha kupikwa.

Hilo la kutenganisha mara nyingi halifanyiki. Ripoti ya Tanzania ya utafiti wa afya na viashiria vya malaria ya mwaka 2015-16, moja ya takwimu zinazotumiwa sana na watafiti, iligawa watu katika makundi manne kwenye majedwali yake mengi: wasiosoma, wasiomaliza msingi, waliomaliza msingi, na sekondari au zaidi. Mwenye kidato cha kwanza na daktari bingwa wako safu moja. Kwa kuchunguza utapiamlo wa watoto mgawanyo huo unatosha, na hilo ndilo lililokuwa lengo. Kwa kupima elimu ya juu hausaidii kitu. Isitoshe, tafiti za namna hiyo huwahoji watu wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo mzee wa miaka 60 aliyehitimu Makerere hayumo katika majedwali hayo.

Umri ndio uamuzi wa pili. Mashirika ya kimataifa huanzia miaka 25, kwa hoja kwamba kufikia hapo wengi wamekwisha kumaliza masomo. OECD hupenda makundi mawili: miaka 25 hadi 64, yaani nguvukazi yote, na miaka 25 hadi 34, yaani vijana. La kwanza linaonyesha akiba iliyokusanywa kwa vizazi, la pili linaonyesha kazi ya shule za siku za karibuni. Korea Kusini inaonyesha tofauti hiyo wazi kuliko nchi nyingine: mwanzoni mwa miaka ya 2020 karibu watu 7 kati ya 10 wa miaka 25 hadi 34 walikuwa na elimu ya juu, huku kizazi cha wazazi wao kikiwa chini sana. Anayetaka kujua Korea ilivyokuwa maskini katika miaka ya 1960 anaweza kuanzia kwenye safu hiyo ya wazee.

Afrika Mashariki, kuanzia miaka 25 kuna utata wake. Mtoto wa Tanzania anayeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 7 humaliza msingi akiwa na 14, kidato cha nne 18, kidato cha sita 20, na shahada ya miaka mitatu 23, ikiwa hakurudia darasa, hakukosa ada na hakukaa nyumbani akisubiri. Anayesomea udaktari wa binadamu husoma miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini. Huyo kwa miaka 25 ndio kwanza anamaliza. Tena kuna kizazi kizima kilichocheleweshwa kwa makusudi: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, kwa kuamini kwamba msomi asiyejua kazi ni hasara. Kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakawa watu wenye familia na uzoefu. Takwimu ya vijana wa miaka 25 hadi 34 katika kipindi kile, kama ingekusanywa, ingeonyesha upungufu ambao kwa kweli ulikuwa ucheleweshaji.

Kuchelewa huko hakujaisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejaa watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi, na kuna walimu wengi waliopanda kutoka cheti hadi stashahada na kutoka stashahada hadi shahada wakiwa na miaka 40 na zaidi. Katika nchi ambayo njia ya elimu ina vituo vingi namna hiyo, kipimo cha miaka 25 hadi 64 kinasema ukweli zaidi kuliko cha vijana peke yao.

Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, ni kugawa kwa idadi ya watu wote badala ya watu wazima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya asilimia 40 yao walikuwa chini ya miaka 15. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina watu 1,000. Kati yao 360 wamefikisha miaka 25, na 18 kati ya hao wana shahada. Ukigawa kwa watu wote unapata asilimia 1.8. Ukigawa kwa watu wazima unapata asilimia 5. Nchi yenye watoto wengi ikigawa kwa njia ya kwanza inajidhulumu mbele ya Japani yenye wazee wengi, na gazeti litakaloandika namba hizo mbili sambamba litakuwa limepima uzazi, si elimu.

Kuna pia njia ya kupima kwa miaka ya shule badala ya vyeti. Kielelezo cha Maendeleo ya Watu cha Umoja wa Mataifa, tangu kilipobadilishwa mwaka 2010, hutumia wastani wa miaka ya shule kwa watu wa miaka 25 na kuendelea. Njia hiyo ni rahisi kulinganisha nchi, ila inaficha mambo. Kenya ina vizazi viwili vilivyopita mifumo miwili. Waliosoma mfumo wa zamani walipita miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, na mitatu ya chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukapeleka wanafunzi wake wa kwanza chuo kikuu mwaka 1990, wakasoma huko miaka minne. Jumla ni 16 kwa wote, jambo linalopendeza kwenye jedwali. Lakini mwenye miaka 13 ya shule katika mfumo wa kwanza ni mhitimu wa kidato cha sita mwenye cheti mkononi, na katika mfumo wa pili ni mwanafunzi aliyeacha chuo baada ya mwaka mmoja.

Marekani ilijifunza hilo kwa muda mrefu. Sensa yake ilianza kuuliza elimu ya watu wazima mwaka 1940, na ikakuta asilimia 4.6 ya watu wa miaka 25 na zaidi wamemaliza miaka minne ya chuo. Kwa nusu karne swali likabaki la miaka: umesoma hadi darasa la ngapi? Mtu aliyekaa chuoni miaka minne bila kupata shahada aliingia pamoja na aliyeipata, na aliyeipata kwa miaka mitatu akaachwa nje. Mwaka 1990 swali likabadilishwa, likawa la shahada au cheti cha juu alichonacho mtu. Mwaka 2020 utafiti wa kila mwezi wa kaya ulionyesha asilimia 37.5 wana shahada ya kwanza au zaidi. Mstari unaounganisha namba hizo mbili unapendwa sana na wanaochora michoro, ila katikati yake swali lenyewe si lilelile.

Kanuni ya UNESCO ni kwamba anahesabiwa aliyehitimu tu. Aliyefika chuo akaishia njiani hubaki kwenye ngazi aliyoimaliza kabla. Kwa wanafunzi wa Tanzania habari hii ina majina yake: kuna wenye sapu, yaani mitihani ya marudio, kuna waliobeba masomo hadi mwaka unaofuata, na kuna waliodisco, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Aliyedisco mwaka wa tatu wa uhandisi ana maarifa mengi kuliko mhitimu wa kidato cha sita, lakini kwa takwimu wanakaa benchi moja. Dodoso linalouliza tu mtu alifikia wapi humpandisha. Dodoso linalouliza ana cheti gani humshusha. Nchi mbili zenye madodoso tofauti haziwezi kulinganishwa mpaka mtu aende akasome swali lilivyoandikwa, kazi ambayo wachache huifanya.

Kisha kuna anayejibu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliokuwa kiini cha sensa ya Tanzania, na makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi. Kwa kawaida mmoja huieleza kaya nzima. Baba mwenye nyumba anajua kwamba mtoto wa kaka yake yuko chuo Morogoro, lakini kama ni stashahada ya kilimo au shahada, hana hakika. Mpangaji wa chumba cha nyuma anatoka alfajiri akiwa amevaa tai, basi anaandikiwa chuo kikuu. Makosa ya namna hiyo huenda pande zote mbili, na katika ngazi za chini hufutana kwa kiasi. Katika ngazi ya juu hayafutani. Wenye shahada ni wachache, wasio nayo ni wengi. Hata sehemu ndogo tu ya hao wengi ikiandikwa kimakosa kuwa ina shahada, inatosha kuvimbisha idadi ya hao wachache. Wachumi Dan Black, Seth Sanders na Lowell Taylor walionyesha jambo hili Marekani kwa kulinganisha majibu ya sensa ya mwaka 1990 na utafiti wa mwaka 1993 uliowarudia watu walewale waliosema wana shahada. Makosa yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo wenye sifa ni wachache zaidi, yaani kwenye shahada za juu.

Hapo hujazungumzia wanaodanganya. Tanzania ina kipimo chake cha jambo hilo, ingawa hakikutoka kwa watakwimu. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki huo ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, si shahada, lakini kwa mtakwimu ujumbe ni wazi: kama mtu yuko tayari kumdanganya mwajiri anayeweza kumfukuza, karani wa sensa ambaye haombi kuona karatasi yoyote hana kinga.

Sensa ina faida moja kubwa: inamfikia kila mtu, hivyo inaweza kusema kitu kuhusu wilaya moja moja. Tatizo ni kwamba huja kila baada ya miaka kumi hivi. Katikati yake kuna tafiti za sampuli, hasa za nguvukazi na za mapato na matumizi ya kaya, na hapo elimu ya juu huteseka kwa sababu ya uchache. Watu wazima 2,000 wakihojiwa katika nchi ambayo 2 kati ya 100 wana shahada, wenye shahada watakaopatikana ni 40 tu. Kwa hesabu ya kawaida ya makosa ya sampuli, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 1.4 na 2.6, na hiyo ni kwa sampuli iliyochaguliwa mtu mmoja mmoja. Tafiti halisi huchagua maeneo kwanza na kaya baadaye, na kwa kuwa wenye shahada hujazana mitaa michache ya Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, eneo moja la Mikocheni likiingia au likikosekana linabadilisha taifa zima. Kutangaza kwamba elimu ya juu imepanda kutoka asilimia 1.8 hadi 2.3 kwa tafiti mbili za namna hiyo ni kutangaza bahati nasibu.

Zamani katika eneo hili hesabu haikuhitaji sampuli. Congo ilipopata uhuru Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamehitimu chuo kikuu hawakufika 30, na orodha yao ingeweza kuandikwa kwa majina. Tanganyika ilifungua chuo chake kikuu kishiriki Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiotosha kujaza daladala moja. Matokeo ya mwanzo huo bado yamo kwenye takwimu za wazee, na yatakuwamo mpaka kizazi hicho kiondoke.

Kwa miaka ambayo hakuna sensa wala utafiti, wataalamu hukadiria. Robert Barro na Jong-Wha Lee walikusanya sensa za nchi 146 na kujaza mapengo kwa kila miaka mitano kuanzia 1950 hadi 2010. Kazi yao imetumika katika mamia ya makala za uchumi. Kikundi kingine kilicho Vienna, ambacho kwa muda mrefu kiliongozwa na Wolfgang Lutz, hutumia hoja ya kupendeza: kwa kuwa watu wengi hawaongezi elimu baada ya umri wa miaka 30 hivi, wenye miaka 50 katika sensa ya 2000 ndio walewale waliokuwa na miaka 30 mwaka 1980, na elimu yao ya leo inaeleza ya wakati ule. Hesabu hurekebishwa kwa vifo, maana waliosoma huishi muda mrefu kuliko wasiosoma na hivyo wazee waliobaki huonekana wasomi kuliko rika lao lilivyokuwa. Njia hiyo inafanya kazi vizuri Ulaya. Kwa nchi ya walimu wanaopata shahada wakiwa na miaka 45 inahitaji tahadhari, kwa sababu inarudisha nyuma shahada ambazo wakati ule hazikuwapo.

Kipimo hiki pia huchanganywa na kiwango cha udahili. Kiwango cha udahili, ambacho kimo katika malengo ya maendeleo endelevu kama kiashiria 4.3.2, huchukua wanafunzi wote walioko vyuoni, wa umri wowote, na kuwagawa kwa idadi ya vijana wa miaka mitano inayofuata sekondari. Kinaonyesha milango ilivyo wazi leo. Kiwango cha elimu kilichofikiwa na watu wazima ni kiashiria 4.4.3, na kinaonyesha waliokwisha kutoka. Nchi ikifungua vyuo vikuu kumi kwa mpigo, cha kwanza huruka mwaka uleule. Cha pili husogea taratibu kwa miaka thelathini. Dodoma ilipopata chuo kikuu mwaka 2007 wanafunzi walijaa mara moja, lakini katika kundi la watu wote wa miaka 25 hadi 64 wahitimu wake wanaongezeka kidogo kidogo tu.

Na watu huhama. Sensa humhesabu mtu mahali alipo, si mahali aliposomeshwa. Zaidi ya nusu ya wahamiaji wapya wa Canada katika sensa ya 2021 walikuwa na shahada ya kwanza au zaidi, kiwango kilichopita cha wenyeji. Sehemu ya sifa ya Canada, basi, ililipiwa na walipa kodi wa India, Ufilipino, Nigeria na Kenya. Muuguzi wa Kisumu aliyehamia Toronto anaongeza asilimia ya Ontario na kupunguza ya Kenya, na hakuna jedwali la kawaida linaloandika deni hilo.

Cheti chenyewe kinabeba nini ni suala jingine. OECD ilianzisha upimaji wa stadi za watu wa miaka 16 hadi 65, duru ya kwanza ikiwa ya 2011 na 2012, kwa kuwapa watu wazima mitihani ya kusoma na hesabu nyumbani kwao. Moja ya matokeo yaliyozua mjadala ni kwamba vijana wa Japani na Uholanzi waliomaliza sekondari tu walisoma na kuelewa vizuri kuliko wahitimu wa vyuo vikuu wa Italia na Hispania wa rika lao. Benki ya Dunia ilifanya upimaji unaofanana na huo mijini nchini Kenya mwaka 2013. Upimaji wa namna hiyo ni ghali na huja mara chache, ndiyo maana asilimia ya vyeti inaendelea kutawala.

Baadhi ya nchi za Ulaya ya kaskazini zimeacha kuuliza. Norway, Sweden na Finland zina rejista: kila cheti kinachotolewa huingia kwenye hifadhidata chini ya namba ya utambulisho ya mtu, na kiwango cha elimu cha taifa hutolewa kwa kompyuta kila mwaka. Udhaifu wake ni wageni, kwa kuwa shahada iliyopatikana Mogadishu haimo kwenye rejista ya Oslo. Norway na Sweden hulazimika kuwatumia wahamiaji madodoso kwa posta ili kujaza pengo.

Tanzania ina vipande vya rejista ya namna hiyo bila kuwa na rejista yenyewe. Namba ya mtihani wa kidato cha nne humfuata mwanafunzi kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. TCU ina orodha za wanaodahiliwa na hutathmini vyeti vya nje, NACTVET ina za vyuo vya kati, na mamlaka ya vitambulisho ina namba ya kila raia mzima aliyesajiliwa. Vikiunganishwa, vingetoa hesabu ya wahitimu wa karibuni bila karani kubisha hodi. Visingemgusa aliyehitimu kabla ya kumbukumbu kuingia kwenye kompyuta, aliyesoma nje bila kuwasilisha cheti chake, wala aliyefariki bila kifo chake kusajiliwa. Kwa watu hao, na ni wengi katika kundi la miaka 50 na kuendelea, sensa itabaki kuwa chanzo kikuu kwa miaka mingi ijayo, na ubora wa takwimu utategemea jinsi swali la elimu litakavyoandikwa kwenye kishikwambi cha sensa inayofuata.